Ngoma Iliyokataa Kunyamaza

Mchungaji alipotuomba tuchangie kitabu hiki, tulikaa wiki mbili bila kujua tuandike nini. Sisi si wahubiri. Tuko wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, tunaopiga na kutunza ngoma katika kundi la tarumbeta la usharika wetu hapa Majengo, Moshi. Wengine wataandika juu ya uponyaji, juu ya ada ya shule iliyopatikana siku ya mwisho, juu ya wana waliorudi nyumbani. Sisi tunayo habari ya ngoma moja iliyoharibika, na bolti moja. Tumeiandika pamoja kwa sababu kosa lilikuwa letu pamoja, na kila neno lililomo humu tumelisoma wote wanne. Palipotokea ubishi tumefuata maneno ya yule aliyekuwa karibu zaidi na jambo.

Wapendwa, wengi wenu mnatuona tukitangulia mbele ya maharusi au tukiwa pembeni ya kaburi, na mnadhani ngoma ni ngoma. Tunazo mbili. Kubwa hubebwa tumboni, na hiyo haina shida. Ukiipiga inalia, ukiacha inanyamaza. Ndogo, ile wapigaji wa bendi wanayoiita snea, ina tabia nyingine. Upana wake ni inchi 14. Juu ina ngozi ya kupigia, chini ina ngozi nyembamba sana, siku hizi zote mbili ni za plastiki, na chini ya ile nyembamba zimelazwa nyaya kama 20 zilizosokotwa mfano wa springi ndogondogo. Ukipiga juu, hewa iliyo ndani inaisukuma ngozi ya chini, nayo ngozi inazigonga nyaya, ndipo unaposikia ule mlio wa mvua juu ya bati. Zamani huko Ulaya zilikuwa kamba za utumbo wa mnyama. Nyaya za chuma zimekuja karne iliyopita. Wala si Wazungu peke yao waliopenda sauti ya kukwaruza. Wagogo wa Dodoma huziba tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili mlio wake uwe na mvumo.

Shida ya nyaya hizo ni kwamba hazijui nani amepiga. Sauti yoyote inayoitikisa ngozi ya chini inaziamsha. Besi akipuliza noti ya chini, zinaitikia. Mhubiri mwenye sauti nzito akisema neno, zinaitikia. Hata lori likipita barabarani zinaweza kuitikia, na hakuna aliyeishika ngoma. Kwa hiyo ubavuni pamewekwa mkono mdogo wa chuma. Ukiuinua, nyaya zinagusa ngozi. Ukiushusha, kipande kimoja kinachoshikilia nyaya, sisi tumezoea kukiita kitelezi, kinateleza chini, nazo nyaya zinaachana na ngozi. Hapo ngoma inakuwa bubu kwa sauti za wengine.

Aliyetufundisha haya ni mzee mmoja ambaye hatutamtaja jina, kwa sababu ameomba hivyo. Sisi tunamwita Babu. Alipiga ngoma hiyo kabla mmoja wetu hajazaliwa. Siku ya kwanza kabisa ya mazoezi hakutupa vijiti. Alituketisha na ngoma magotini, tukainua mkono na kuushusha, tukainua na kuushusha, saa nzima. Akasema, "Ukimaliza kupiga, shusha. Usingoje kuambiwa." Tulimcheka tulipotoka nje. Tulikuja kupiga, tukafundishwa kunyamaza.

Ngoma yenyewe ni ya Uingereza. Imeandikwa hivyo kwenye kibati kilichopigwa ubavuni, nayo ilikuja kwa usharika kama zawadi, ikiwa tayari imetumika. Kundi la tarumbeta asili yake ni kwingine. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kutoka makanisa ya Ujerumani tulipata desturi ya kusifu kwa vyombo vya kupuliza. Kwa Wajerumani kundi la namna hiyo kwa kawaida halina ngoma. Ngoma tumeziongeza wenyewe, maana sijui Mchaga gani atatembea mbele ya harusi bila kitu cha kukanyagia. Basi chombo cha Waingereza kikaingia katika kundi la Kijerumani mikononi mwa watu wa Kilimanjaro, na kwa miaka mingi hakikugombana na mtu.

Miaka mitatu iliyopita, katikati ya masika, tulikwenda Old Moshi kwenye maziko. Marehemu alikuwa mzee wa usharika wetu, na kama ilivyo desturi alirudishwa kuzikwa kwenye kihamba cha ukoo, kati ya migomba. Njia ilikuwa tope. Tulisimama tulipopangiwa, hatua tatu kutoka kwenye spika ya kukodi. Tulipiga wimbo, tukamaliza, na Babu akashusha mkono. Hilo tunalisema sasa bila kusita: alishusha. Mmoja wetu alikuwa bega kwa bega naye akaona kidole gumba kikienda chini.

Mchungaji aliyekuwa akiongoza ana sauti nzito. Alipoanza sala, ngoma ikaanza naye. Kila neno la chini likapata mkwaruzo nyuma yake, kama mtu anayesafisha koo. Babu akaikumbatia ngoma kifuani. Ikapungua, haikuisha. Watu wakaanza kugeuka. Akaweka kiganja chini ya nyaya, akapiga magoti nusu kwenye tope, mzee wa miaka sabini na kitu, na sala ikaendelea, na ngoma ikaendelea. Jeneza lilipokuwa linashuka kwaya ikaimba kwa sauti ya chini, ikawa vibaya zaidi.

Wakati wa chakula neno likapita. Hatujui lilianzia wapi. "Mzee amekunywa." Msibani kwetu pombe haikosekani nyuma ya nyumba, na kata ya mbege inapita kwa mkono wa mtu yeyote, basi neno likapata pa kukaa. Tuliporudi Majengo jioni likawa limeshafika kwenye kundi la simu la kwaya. Mtu aliandika kwamba mikono ya mzee inatetemeka siku hizi na sababu inajulikana. Watu wakaitikia. Mmoja wetu aliweka kikaragosi cha kucheka. Amekubali tuandike hilo.

Alhamisi ya mazoezi kiongozi wa kundi alimwuliza mbele ya wote. Babu alisema, "Niliishusha." Kiongozi akasema ngoma ilikutwa mkono uko chini, ndiyo, lakini huenda aliushusha baada ya kuona watu wanageuka. Babu akarudia, "Niliishusha." Akaiangalia ngoma. Akatuangalia sisi, mmoja mmoja, muda mrefu kidogo. Kisha akaweka vijiti juu ya benchi, sambamba, kama alivyotufundisha, akaondoka. Mwezi uliofuata tukasikia amehamia juu, kwenye kihamba chake.

Sasa tuseme tulichokuwa tunakijua.

Ijumaa kabla ya maziko, bolti moja inayoshikilia ule mtambo wa nyaya ubavuni ilidondoka na kupotea. Hatukutaka kumsumbua Babu. Tulinunua nyingine kwenye duka la vifaa, tukachagua iliyofanana kwa macho. Ngoma ya Kiingereza ya zamani ina mizunguko ya skrubu, ile mafundi wanayoiita thredi, iliyohesabiwa kwa inchi. Bolti ya dukani ni ya milimita. Inaingia mizunguko miwili mitatu, halafu inagoma. Mwenye busara angeichomoa hapo. Sisi tuliitia mafuta, tukaongeza spana, tukasukuma. Ililia, ikaingia. Tulifurahi. Aliyeshika spana ni mmoja, aliyenunua ni mwingine, wa tatu alimulika kwa tochi ya simu, na wa nne aliambiwa asubuhi ya msiba na akasema, "Afadhali."

Tulijua kwamba tumeigusa ngoma. Hatukujua kama bolti ndiyo iliyoleta ule mlio. Kwa hiyo tulijiambia kwamba hatuna la kusema. Hakuna aliyetuuliza. Hatukusema uongo wowote.

Wote wanne tulipata kipaimara, na wote tulikaririshwa Katekisimu Ndogo aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529. Kwa hesabu ya Walutheri, amri inayohusu kumshuhudia jirani uongo ni ya nane. Watoto huifurahia kwa sababu inaonekana nyepesi: usiseme uongo, basi. Lakini Luther haishii kwenye kukataza. Anaendelea kueleza kwamba tunapaswa kumtetea jirani, kumnena vizuri, na kulipokea kila jambo lake kwa upande ulio bora. Tulilikariri hilo tukiwa na miaka kumi na minne, tukapigiwa makofi na wazazi, tukala pilau. Miaka mingi baadaye ngoma iliyotakiwa kunyamaza ilisema, na sisi tuliotakiwa kusema tulinyamaza, na wala hatukuikumbuka Katekisimu.

Kilichotusumbua kwanza, tukiri, haikuwa Babu. Ilikuwa ngoma. Iliendelea vilevile. Tulijaribu kila dawa. Tulifunga mkono kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili usipande. Tulisokota kitambaa chini ya nyaya. Tulikaza nyaya mpaka ngoma ikakabwa koo, ikawa ukipiga inatoa sauti ya debe. Tukalegeza, ikaanza kuchechemea. Tulichanga fedha, tukaagiza nyaya mpya kutoka Dar es Salaam, tukazifunga kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni, kwa sababu kamba za kawaida hulegea. Mshipi ulikuwa mzuri, mpaka leo tunautumia. Mlio haukuisha.

Halafu ikaja harusi moja mwezi wa Desemba. Kijana wetu ndiye alikuwa na ngoma. Alishusha mkono, bwana harusi akaanza kutamka ahadi zake kwenye kipaza sauti, na ngoma ikamsindikiza neno kwa neno. Watu walicheka. Bibi harusi mwenyewe alicheka. Baadaye tukanywa soda na watu wakamwambia kijana, "Mangi, ngoma yenu mbovu hiyo, itafutieni fundi."

Hapo ndipo tulipochomwa. Kosa lilikuwa lilelile, ngoma ileile, mkono umeshushwa vilevile. Kijana akaambiwa ngoma ni mbovu. Mzee aliambiwa amelewa. Hakuna hata mtu mmoja aliyenusa mdomo wa kijana, na yeye, kwa taarifa yenu, alikuwa ameonja kidogo. Tulirudi nyumbani kwa miguu kutoka ukumbini mpaka Majengo na njia nzima hatukuongea.

Jumatatu tukaipeleka kwa fundi kereza. Tulikuwa hatujampelekea kwa sababu karakana yake ni ya vipuri vya magari na mashine za kusaga, nasi tuliona aibu kumpelekea kitu cha muziki. Alifuta meza, akaigeuza ngoma juu chini, akainua mkono na kuushusha mara kadhaa akiwa ameinamisha sikio. Hakuwa anasikiliza mlio. Alikuwa anasikiliza mwendo.

"Haishuki mpaka mwisho," akasema.

Tukamwambia inashuka, mkono unafika chini kabisa.

"Mkono unafika. Kitelezi hakifiki. Njooni muone."

Alimulika. Bolti yetu ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, labda kwa milimita nne. Ncha yake ilitokeza kwenye njia ya kitelezi. Kila mkono uliposhushwa, kitelezi kiliteremka nusu, kikakutana na ile ncha, kikakaa juu yake. Kwa nje unaona mkono uko chini. Kwa ndani nyaya bado zimegusa ngozi, kidogo tu, kiasi cha kuitikia mtu akinena na kutulia akinyamaza. Si ajabu kukaza na kulegeza hakukusaidia kitu.

Fundi akaishika ile bolti kwa koleo. "Hii si ya humu. Imelazimishwa. Nani aliiweka?"

Karakana ina kelele, lakini tunakumbuka kama ilikuwa kimya. Mwenzetu wa kike ndiye aliyesema. "Ni sisi, fundi."

"Basi mmeua thredi," akasema, akaendelea na kazi. Kwake lilikuwa jambo la thredi.

Ilimchukua siku mbili. Alitoboa lile tundu lililolika, akaweka kichaka kidogo cha shaba, akakereza bolti mpya ya kipimo chake, fupi, yenye kichwa bapa. Alitudai fedha ndogo kuliko tulizotumia kwenye nyaya za Dar es Salaam. Alinyoosha pia kibati kinachobana nyaya upande wa pili, kilichokuwa kimepinda kwa sababu ya kukaza kwetu. Kitu kimoja alikataa kugusa: springi ya ndani ya mkono. Alisema imechoka lakini ni ya umbo ambalo hajaliona, akiitoa huenda isirudi.

Jioni ile tulifanya jaribio kanisani, milango imefungwa. Tulimketisha mpiga besi mbele, akapanda noti moja baada ya nyingine, nasi tukazunguka ngoma na sikio. Mkono ukiwa juu, noti kadhaa za chini ziliamsha nyaya, na moja ilizichachamaza kabisa. Hilo ni la kawaida, haliondoki lote. Tulilegeza kidogo skrubu zilizo jirani na nyaya kwenye ngozi ya chini, ngozi ikahama na kuachana na ile noti, na kelele ikapungua. Kisha tukashusha mkono. Besi akapuliza kwa nguvu zake zote, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Ngoma ilikaa kimya. Mmoja wetu akakaa chini sakafuni.

Maana sasa hatukuwa tena na pa kujificha. Kabla ya hapo tungeweza kusema hatuna hakika. Sasa bolti ilikuwa mfukoni mwetu.

Hatutawadanganya kwamba tuliondoka mbio kwenda Old Moshi. Tulikaa karibu wiki tatu. Mmoja wetu alikuwa na hoja nzuri kweli: mzee ametulia, ana migomba yake na kahawa yake, kwenda kumchokonoa ni kumrudishia aibu. Mwingine alitaka tumpelekee ngoma tu, imepona, aelewe mwenyewe. Jumapili moja somo lilikuwa lile la Mathayo sura ya 5, pale Bwana Yesu anapomzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Tulikuwa mbele, ngoma zimening'inia shingoni, tunangoja kuongoza watu kwenda kutoa sadaka. Tulipiga. Tunakumbuka tulipiga vibaya.

Tulimwendea mzee wa kanisa tunayemheshimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "Mmebeba nini?" Tukamwambia tutapeleka sukari na kilo mbili za nyama. Akasema sukari ni ya kumsalimia mgonjwa. Mtu uliyemwonea unampelekea isale.

Kwa wasomaji wasio wa mlima huu, isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mchaga anayekuja kuomba msamaha huja na jani lake, na anayeletewa hulazimika walau kusikiliza. Mmoja wetu alisita, akauliza kama jambo hilo ni la Kikristo. Mzee wa kanisa alicheka. Alisema Bruno Gutmann, mmisionari aliyekaa Old Moshi miaka mingi hadi mwaka 1938 na kuandika vitabu vikubwa juu ya sheria na desturi za Wachaga, alitaka vifungo vya ukoo, vya ujirani na vya rika vitunzwe ndani ya kanisa, visitupwe nje. "Na ninyi wenyewe," akasema, "Krismasi mnapamba madhabahu kwa majani gani?"

Tulipanda gari la asubuhi, ngoma magotini. Mzee wa kanisa alikuja nasi. Tulishuka, tukafuata mfereji kwa miguu. Njia inapita jirani na kihamba cha yule marehemu, tukaona si haki kupita. Mjane alitukaribisha akatupa chai. Tulimweleza yote: ngoma, bolti, sala iliyoharibika, jinsi tulivyomwaibisha mumewe siku yake ya mwisho. Alituangalia kama watu waliopotea njia.

"Ngoma ipi?" akasema. "Wanangu, mimi siku ile nilisikia udongo tu."

Tulitoka hapo tukiwa tumechanganyikiwa. Mwaka mzima tulikuwa tukisema familia imekwazika. Kumbe familia ilikuwa inazika.

Babu tulimkuta anachambua kahawa kwenye mkeka. Tukamwamkia, akaitikia, akaagiza viti. Mzee wa kanisa ndiye aliyetangulia, akampa isale kwa mikono miwili, akasema nao Kichaga maneno machache ambayo wawili kati yetu, watoto wa mjini, hatukuyaelewa yote. Kisha akatugeukia. Tulikuwa tumepanga nani aseme nini. Hakuna aliyefuata mpango. Aliyeshika spana alisema kwanza, akalia, na yule wa kikaragosi akasema baada yake. Tukaweka bolti juu ya mkeka, kati ya buni.

Babu aliiokota akaigeuza kwenye mwanga.

"Niliiona," akasema. "Siku ileile, kabla hatujapanda gari. Inang'aa. Kwenye ngoma ile hakuna kitu kinachong'aa."

Tukamwuliza, "Babu, sasa mbona hukusema?"

"Nilisema nimeishusha. Nilisema mara mbili. Mlitaka niseme mara ngapi?" Akanyamaza, akaendelea kuchambua kahawa kidogo. "Na ningesema bolti, kiongozi angewageukia ninyi. Nikaona ningoje mseme wenyewe. Sikudhani mtachukua muda mrefu hivyo."

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna.

Akaomba ngoma. Akaiweka magotini, akaipapasa ringi yote kwa kidole gumba, akainua mkono, akainamisha kichwa juu yake na kuimba kwa koo noti moja ya chini. Nyaya zikaitikia. Akashusha mkono, akaimba noti ileile. Kimya. Akaimba ya juu kidogo, akaimba ya chini zaidi, sauti ya uzee ikikatika. Kimya. Alifanya hivyo kwa muda, tukaanza kuona kwamba hatujaribu sisi wala ngoma. Alikuwa amemkumbuka mtu wake wa zamani. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu.

Jani la isale hakuliweka ndani. Alikwenda nalo pembeni ya mfereji akalichomeka ardhini kando ya mengine. Halikuwa na mzizi, kwa hiyo halikushika, lakini ndivyo alivyofanya.

Jumapili iliyofuata, kabla ya matangazo ya ibada ya pili, tulisimama mbele wote wanne tukaeleza, kwa ruhusa ya Mchungaji. Ilichukua dakika tano. Kiongozi wa kundi alikwenda kwa Babu mwenyewe juma hilohilo. Wengine walioandika kwenye kundi la simu hawajakwenda, na njia wanaijua. Tena wapo wanaosema mpaka leo kwamba mzee huwa anakunywa. Neno likishatoka halina mkono wa kulishushia.

Babu hajarudi kupiga. Anasema mabega yamechoka. Lakini akipata gari anateremka, anakaa benchi la tatu upande wetu, na wimbo ukiisha hatumwoni akimtazama mhubiri. Anatazama kidole gumba cha mpiga ngoma.

Springi ya mkono inazidi kuchoka. Pasaka iliyopita mkono ulipanda wenyewe mara moja katikati ya tamko la baraka, kidogo tu, waliosikia ni wachache. Tunaye rafiki anayesema anaweza kuitoa na kuitafutia nyingine. Babu ameagiza tusiiguse mpaka awepo.